Kuumia mazoezini, kupona na kurudi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanamichezo wa Nairobi

Ninafundisha mbio na mazoezi ya nguvu hapa Nairobi. Siku mbili kwa wiki tuko msitu wa Karura, na siku moja niko kwenye uwanja wa murramu huku Eastlands pamoja na vijana wa kandanda. Maswali yaliyo hapa chini huwa naulizwa kila wiki, mengine tukiwa bado tunahema. Nimeyajibu jinsi ninavyoyajibu uwanjani. Mimi ni kocha, si daktari, na pale ambapo jibu ni "nenda hospitalini leo" nimelisema hivyo bila kuzunguka.

Sikuanguka wala sikugongwa na mtu. Nimeumiaje?

Umeumia polepole. Majeraha mengi ya mkimbiaji hujengeka kwa wiki kadhaa bila kupiga hodi. Mtu akianza mazoezi, moyo na mapafu hujifunza haraka sana. Baada ya mwezi mmoja anapanda kile kilima kilichokuwa kikimsimamisha, na bado anapiga gumzo. Kano na mifupa haviendi kwa mwendo huo, vinataka miezi. Mfupa una tabia ambayo wengi hawaijui: ukipokea mzigo mpya, kwanza hubomoa sehemu zake kuukuu, kisha huzijenga upya zikiwa imara zaidi. Kati ya kubomoa na kujenga kuna majuma ambapo mfupa ni dhaifu kuliko siku ulipoanza. Kwa bahati mbaya, hayo ndiyo majuma ambapo pumzi inakuambia twende, tuongeze.

Jiji letu nalo linachangia. Jumatatu hadi Ijumaa tuko kwenye foleni, tukifika nyumbani giza limeingia na barabara haina taa, basi Jumapili tunataka kulipa deni lote la wiki kwa mkupuo mmoja. Mwili haupokei malipo ya namna hiyo.

Basi niongeze kilomita ngapi kwa wiki?

Kanuni ya kuongeza asilimia 10 kwa wiki imezoeleka, na si mbaya kuanzia hapo. Mimi siku hizi naangalia zaidi mbio ya siku moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025, uliofuatilia wakimbiaji zaidi ya 5,000, ulionyesha kwamba hatari ya kuumia hupanda pale mtu anapokimbia kwa siku moja umbali unaopita kwa zaidi ya asilimia 10 ule mrefu kuliko wote aliokimbia katika siku 30 zilizotangulia. Kwa hiyo kabla ya Jumapili jiulize: mwezi huu, siku niliyokimbia mbali zaidi nilifika wapi? Kama ni kilomita 10, Jumapili hii ni 11. Rafiki akikualika kilomita 18 za Ngong, mwambie utamsindikiza mpaka ya 11 kisha urudi.

Ongeza kitu kimoja kwa wakati. Wiki unayoongeza umbali, usianze pia mazoezi ya kasi wala vilima. Halafu kila wiki ya nne au hivi, punguza mzigo kwa kama theluthi moja. Watu huniambia wiki hiyo ni ya uvivu. Mimi nawaambia ndiyo wiki ambayo mfupa unapata nafasi ya kumaliza kazi uliyouachia.

Nimehamia hapa kutoka Mombasa. Mbona nakimbia kama mgonjwa?

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, kila pumzi inaleta oksijeni kidogo kuliko ulivyozoea, na moyo unapiga kwa kasi hata kwenye mwendo wa kawaida. Usifukuzie muda wako wa Mombasa. Wiki mbili tatu za mwanzo kimbia kwa mwendo unaokuruhusu kusema sentensi nzima bila kukatika. Wageni wengi huumia hapa kwa sababu wanalazimisha kasi ya zamani, wanachoka kabla ya nusu ya njia, kisha wanamaliza kwa kuburuta miguu, na mguu unaoburutwa hutua vibaya.

Nitajuaje kama ni maumivu ya kawaida ya mazoezi au ni jeraha?

Maumivu ya kawaida yanakuja pande zote mbili. Mapaja yote, vigimbi vyote. Huanza siku inayofuata, hufikia kilele ndani ya siku mbili, kisha huisha, na ukianza kutembeatembea yanalegea. Jeraha huchagua upande mmoja na mahali pamoja. Linakubadilisha mwendo.

Kipimo ninachotumia na watu wangu ni namba kutoka 0 hadi 10. Kwa misuli na kano, maumivu ya hadi 3 wakati wa mazoezi yanavumilika, mradi kesho asubuhi ukishuka kitandani yawe yamerudi yalipokuwa jana. Asubuhi haidanganyi. Maumivu yakiwa mabaya zaidi kesho yake, mzigo ulikuwa mkubwa. Na ukianza kuchechemea, umemaliza kwa siku hiyo, hata kama imebaki kilomita moja na wenzako wanakuita.

Kipimo hicho hakifai kwa mfupa. Kwa mfupa hakuna 3 ya kuvumilia.

Miundi inaniuma. Ni uchovu tu au ni mfupa?

Hili ndilo swali ninaloomba kila mtu asilipuuze, kwa sababu lilinigharimu mimi mwenyewe.

Keti, pandisha suruali, kisha pitisha kidole kimoja taratibu kwenye ukingo wa ndani wa mfupa wa mbele wa mguu, kuanzia chini ya goti hadi karibu na kifundo. Kama unauma kwenye mstari mrefu, upana wa vidole vitatu na zaidi, na maumivu yanapungua ukishapata joto, mara nyingi ni utando wa mfupa na misuli iliyochoshwa. Unapunguza kilomita hata kwa nusu, unaacha miteremko na kasi kwa wiki chache, unaimarisha vigimbi, na inapona. Kama kidole kinagundua sehemu moja ndogo kama sarafu ya shilingi kumi, ukiibonyeza unaruka, na maumivu yanazidi kadiri unavyokimbia, au yanakuamsha usiku, acha kukimbia siku hiyo hiyo. Huenda ni ufa kwenye mfupa.

Miaka kadhaa iliyopita nilijiandikisha kwa marathoni ya Oktoba tukiwa tayari katikati ya Julai. Nikatoka kilomita 30 kwa wiki hadi 65 ndani ya wiki nne. Muundi wa kushoto ulianza kuuma nikishuka ngazi za daraja la waenda kwa miguu pale Thika Road, asubuhi tu, kisha mchana nasahau. Nikaupaka dawa ya kuchua nikaendelea. Siku moja nikishuka kwenye matatu, mguu ulikataa kupokea uzito wangu, nikabaki nimeshikilia mlango huku kondakta akiniuliza, "Mzee, uko sawa?" Nilienda kliniki moja ya karibu, wakapiga eksirei, wakaniambia mfupa ni mzima, wakanidunga sindano ya maumivu. Sindano ilifanya kazi vizuri mno. Nikakimbia wiki mbili zaidi.

Sikujua wakati huo kwamba ufa wa aina hii mara nyingi hauonekani kwenye eksirei ya wiki mbili tatu za mwanzo. Huonekana baadaye, mfupa unapoanza kujijenga kuuzunguka, au kwenye picha ya MRI. Eksirei safi haimaanishi mfupa mzima kama kidole bado kinakuonyesha mahali. Ningejua hilo, ningepumzika wiki sita hadi nane. Nilikaa miezi minne.

Kuna sehemu ambazo ufa wake ni hatari zaidi, hasa shingo ya mfupa wa paja. Maumivu ndani ya kinena yanayozidi ukikanyaga chini hayangojwi hata siku moja. Nenda hospitalini.

Nimeteguka kifundo cha mguu. Maji moto au barafu?

Kwanza tuhakikishe hakijavunjika. Madaktari wana vipimo viitwavyo kanuni za Ottawa, na wewe unaweza kuvikumbuka. Je, unaweza kupiga hatua nne, hata kwa kuchechemea? Je, ukibonyeza nyuma ya mifupa miwili iliyotokeza kifundoni, ya ndani na ya nje, kutoka nchani kwenda juu kama sentimita 6, kuna maumivu makali kwenye mfupa wenyewe? Na mfupa ulio katikati ya ukingo wa nje wa unyayo, au ule wa juu ya upinde kwa ndani? Kama huwezi hatua nne au mfupa unauma ukibonyezwa, nenda ukapigwe eksirei.

Kama si mfupa, kwa siku mbili za mwanzo achana na maji moto yenye chumvi ambayo sote tumekandwa nayo nyumbani. Joto wakati huo huongeza uvimbe. Maji baridi kwenye beseni kwa dakika 10 hadi 15 yanatuliza maumivu. Funga bandeji ya kunyumbulika, isikaze hadi vidole kuwa baridi, na ukilala inua mguu juu ya mto. Barafu nayo isitumike kupita kiasi. Daktari Gabe Mirkin wa Marekani, aliyeeneza kanuni ya pumzisha, weka barafu, funga na inua mwaka 1978, alirekebisha kauli yake mwenyewe mwaka 2014 akieleza kwamba barafu nyingi na mapumziko kamili vinaweza kuchelewesha kupona. Uvimbe una kazi yake. Baada ya siku moja au mbili anza kuzungusha kifundo, andika herufi hewani kwa kidole gumba, kanyaga kidogo kidogo.

Sehemu inayosahaulika ni ya mwisho. Kifundo kilichoteguka hupoteza uwezo wa kuhisi kimekaaje, ndiyo maana mtu huyo huyo huteguka tena mwezi ujao kwenye shimo lile lile. Simama kwa mguu mmoja ukipiga mswaki, asubuhi na jioni. Ukiweza dakika moja bila kuyumba, fumba macho. Fanya hivyo miezi miwili. Vijana wangu wa kandanda walicheka mwanzoni, sasa wanashindana.

Kuna mzee mtaani anayekanda na kunyoosha viungo. Niende?

Kukanda misuli iliyochoka hakuna ubaya, na wako wenye mikono mizuri. Lakini kiungo kilichovimba leo kisikandwe, kisivutwe, na usikubali mtu "akirudishe" kabla hujajua kama mfupa umevunjika. Nimeona kifundo kilichokuwa na ufa mdogo kikivutwa hadi mfupa ukasogea. Upasuaji ulifuata.

Goti linauma nikishuka ngazi au nikikaa muda mrefu kwenye matatu.

Maumivu ya mbele, kuzunguka pia ya goti, ndiyo yanayowapata wakimbiaji wengi kuliko yote. Mara nyingi goti linalia kwa makosa ya nyonga na paja. Imarisha hivyo: kuinuka kitini kwa mguu mmoja, kupanda na kushuka kidaraja taratibu, kulala ubavu na kuinua mguu wa juu. Siku tatu kwa wiki, kwa wiki zisizopungua sita. Tena jaribu kufupisha hatua. Hesabu hatua zako kwa dakika moja, kisha ziongeze kwa asilimia 5 hadi 10 bila kuongeza kasi. Mguu utatua karibu na mwili na goti litapokea kishindo kidogo.

Goti lililovimba saa chache baada ya kugeuka ghafla uwanjani, hasa kama ulisikia "tap!" ndani, ni jambo jingine kabisa. Huenda kano ya msalaba imekatika. Usijaribu kurudi kipindi cha pili.

Kano ya kisigino imekakamaa kila asubuhi.

Kano inayouma inataka mzigo wa kadiri. Kupumzika peke yake kunaituliza, ukirudi inauma tena. Mwaka 1998 Håkan Alfredson wa Uswidi na wenzake walionyesha zoezi rahisi ambalo hadi leo linafanywa duniani kote. Simama ukingoni mwa ngazi kwa vidole, panda juu kwa mguu usiouma, hamishia uzito kwenye mguu unaouma, kisha shuka polepole hadi kisigino kipite chini ya ngazi. Mara 15, seti tatu goti likiwa limenyooka, seti tatu likiwa limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni, wiki 12. Ngazi za ploti yoyote zinatosha. Kama maumivu yako yako pale chini kabisa kano inaposhikana na mfupa wa kisigino, usishuke chini ya usawa wa ngazi, ishia sakafuni.

Jambo moja la hapa kwetu. Wengi hununua antibiotiki iitwayo siprofloksasini kwenye duka la dawa bila cheti, mara homa ya matumbo, mara mkojo unachoma. Dawa hiyo na jamaa zake zinaweza kudhoofisha kano na hata kuikata, na kano ya kisigino ndiyo huathirika zaidi. Marekani iliagiza onyo kali liwekwe kwenye dawa hizo mwaka 2008. Mwambie daktari kwamba wewe ni mwanamichezo, akuangalizie dawa mbadala. Kama unazinywa tayari na kisigino kimeanza kuuma, acha mazoezi na urudi kwa daktari upesi.

Kano ikikatika, mtu huhisi kama amepigwa teke kutoka nyuma. Anageuka, hakuna mtu. Mlaze kifudifudi, miguu ining'inie nje ya kitanda, minya kigimbi. Unyayo wa mguu usioumia utasogea wenyewe. Wa mguu ulioumia usiposogea, hospitali leo.

Viatu vya mitumba vinafaa kweli?

Vinafaa, ukijua kuchagua. Viatu vipya vya mbio ni ghali na wengi wetu tumeanzia Gikomba au Toi. Kosa ni kuangalia juu tu, rangi na jina, wakati kinachokubeba ni soli.

Chukua jozi, iweke juu ya meza tambarare ya muuzaji, chuchumaa uitazame kutoka nyuma. Visigino visimame wima. Kimoja kikiegemea ndani au nje, mwenyewe wa kwanza alishakikanyaga kwa mwendo wake, na wewe utaurithi. Kisha bonyeza ubavu wa sponji kwa kidole gumba: ikiwa ngumu kama mkate wa juzi, au ina mikunjo mingi ya mlalo, imekufa hata kama juu kiatu kinang'aa. Sponji huzeeka hata ikikaa kwenye marobota. Kunja kiatu: kikunjike penye vidole, si katikati. Mwisho ingiza mkono ndani upapase shimo la kisigino, maana kitambaa kilichotoboka hapo kitakutoa malengelenge kabla ya kilomita ya tano. Jaribu jioni, miguu ikiwa imepanuka, uache nafasi ya upana wa kidole gumba mbele. Kipya au mtumba, anza nacho kwa mbio fupi huku ukikipokezana na cha zamani.

Nikimbilie lami au udongo?

Changanya. Udongo mwekundu wa Karura ni laini, ila mizizi na mawe yake hutegua vifundo, na mvua za Machi hadi Mei zikianza unateleza kama sabuni. Lami ni ngumu lakini haina siri. Kinachoumiza zaidi ni ukingo wa barabara ulioinama kupeleka maji mtaroni: ukikimbia upande mmoja kila siku, mguu mmoja unakuwa kama mrefu kuliko mwingine. Rudi kwa upande wa pili pale inapokuwa salama.

Kunyoosha misuli kabla ya mazoezi kunazuia kuumia?

Kunyoosha ukiwa umesimama tuli hakujaonyesha kuzuia sana. Kupasha mwili joto ndiko kunakosaidia. Kwa mkimbiaji, dakika 10 za mwendo wa kujikokota, kisha kurusha miguu, kuinua magoti, kuruka kidogo. Mabingwa huko Iten huanza asubuhi kwa mwendo ambao mtu wa kawaida angewapita, na hawaoni aibu. Julai, asubuhi ya Nairobi ikiwa na baridi na ukungu, ongeza dakika tano.

Kwa kandanda, programu ya FIFA 11+ ni ya bure. Ina mazoezi 15 katika sehemu tatu, huchukua kama dakika 20, na timu zinazoifanya mara kwa mara huumia kidogo kwa kiasi kinachoonekana. Ndani yake kuna zoezi ninalolipenda kuliko yote: unapiga magoti, mwenzako anakushikia vifundo, unajiachia mbele taratibu huku misuli ya nyuma ya paja ikikuzuia usianguke. Timu zilizoliingiza katika mazoezi zimepunguza majeraha ya misuli hiyo kwa karibu nusu. Halihitaji kifaa, linahitaji mwenzako asiyekuachia.

Nimeze dawa ya maumivu kabla ya mbio ili nimalize?

Hapana. Ibuprofeni na diklofenaki hupunguza damu inayoingia kwenye figo, na mkimbiaji aliyepungukiwa maji kilomita ya 30 tayari figo zake zina shida. Pia zinanyamazisha kile unachohitaji kukisikia. Sindano yangu ilinifundisha hivyo.

Tena, kama unashindana, fahamu kwamba tangu Januari 1, 2022 sindano zote za dawa za jamii ya kotisoni zimepigwa marufuku wakati wa mashindano, iwe ni gotini, kisiginoni au kwenye msuli. Ferdinand Omanyala, kabla ya kuweka rekodi ya Afrika ya mita 100 ya sekunde 9.77 pale Kasarani Septemba 2021, alikuwa amefungiwa miezi 14 mwaka 2017 kwa betamethasoni, dawa ya jamii hiyo hiyo aliyoeleza kwamba alipewa alipotafuta tiba ya mgongo. Mwanamichezo ndiye anayewajibika kwa kilichomo mwilini mwake. Kabla hujadungwa, taja kwamba unashindana, uliza jina la dawa, liandike, na uwasiliane na ADAK, wakala wa Kenya wa kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, kuhusu kibali cha matibabu.

Mwenzetu amegongwa kichwa lakini anasema yuko sawa.

Mtoe. Harudi mchezoni siku hiyo, hata fainali. Asilale peke yake usiku huo, na akitapika, akisinzia isivyo kawaida, kichwa kikizidi kuuma au akianza kusema ovyo, mkimbizeni hospitalini.

Nimeanza gym ya mtaa, nimezidisha, mikono haikunjiki.

Misuli ikivimba na mkojo ukawa na rangi ya strungi, hiyo ni dharura. Misuli inavunjika na mabaki yake yanaziba figo. Hospitali siku hiyo hiyo. Vyuma vya saruji kwenye mikebe vinajenga mwili vizuri tu. Shida huwa ni siku ya kwanza, pale mgeni anapotaka kuinua anachoinua mwenyeji.

Kocha, hedhi yangu imekatika tangu nianze mazoezi makali. Nasikia ni dalili ya kuwa fiti.

Dada, huo ni uongo ambao umeharibu mifupa ya wasichana wengi, na unaniuma kila ninapousikia. Hedhi ikikatika kwa sababu ya mazoezi, maana yake mwili haupati chakula cha kutosha kwa kazi unayoupa, basi unaanza kufunga shughuli unazoziona si za lazima. Homoni inayolinda mifupa inashuka na ufa unakuwa karibu. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa hali hii jina rasmi mwaka 2014, na wanaume nao huipata, ila wao hawana kalenda ya kuwashtua. Ikipita miezi mitatu bila hedhi, muone daktari.

Na ule. Ugali, githeri, maharagwe, mayai, maziwa, terere, omena waliwao na mifupa yao. Usikimbie kilomita 15 asubuhi kwa chai tupu kisha ungoje chakula cha saa saba.

Mtoto wangu anacheza timu ya shule, ya mtaa na akademia. Ni nyingi?

Kipimo rahisi: saa za michezo iliyopangwa kwa wiki zisizidi umri wake. Wa miaka 12, saa 12. Uvimbe unaouma chini ya goti kwa mtoto anayerefuka haraka ni jambo la kawaida na huisha ukuaji ukikamilika, lakini apunguziwe mzigo hadi aache kuchechemea.

Nimeambiwa nipumzike. Nitapoteza kila kitu?

Hutapoteza kwa haraka unavyodhani. Kuogelea na baiskeli vinalinda pumzi bila kukugonga mifupa, mradi havileti maumivu. David Rudisha, bingwa wetu wa mita 800, alikosa mashindano ya dunia ya 2013 Moscow kwa sababu ya goti, kisha 2015 akawa bingwa wa dunia tena, na 2016 akachukua dhahabu ya pili ya Olimpiki.

Kurudi kunaanza kwa kutembea. Ukiweza dakika 30 za mwendo wa haraka bila maumivu, wakati wa kutembea na kesho yake, anza kukimbia dakika 1, tembea 2, mara nane hadi kumi, siku moja uruke siku moja. Wiki inayofuata kimbia 2 tembea 1. Ukifika dakika 30 mfululizo, ndipo tuzungumzie umbali. Kasi huja mwisho. Kwa aliyekuwa na ufa, daktari au mtaalamu wa fiziotherapia ndiye atakayekuambia siku ya kuanza, wala si mimi, wala si tarehe ya mbio uliyolipia.

Nimuone nani, na niende na nini?

Mtaalamu wa fiziotherapia aliyesajiliwa na baraza lao, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Muulize kuhusu usajili wake, hataudhika. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ina idara ya fiziotherapia, na hospitali nyingine za umma pia zinao wataalamu. Akikulaza tu kwenye mashine ya umeme kila ukienda na hajawahi kukuangalia ukitembea wala kukupa zoezi la kufanya nyumbani, tafuta mwingine.

Nenda na viatu unavyokimbilia, vichafu hivyo hivyo, kwa sababu soli iliyolika itamwambia mengi. Vaa kaptula. Beba daftari lenye kilomita zako za wiki sita zilizopita, kila siku na umbali wake, na dawa zote ulizomeza kwa majina. Halafu, kabla hajakuuliza chochote, mwonyeshe kwa kidole kimoja mahali panapouma.